Mama Ndevu wa Kanduyi

Yule mzee alifika nikiwa nimeinama ukingoni mwa bwawa, nikiokota vitilapia vilivyokufa. Gari la Probox lilisimama nje ya lango, akashuka mtu wa kofia nyeupe, kanzu ameikunja mkononi isiguse matope. Sikuwahi kumwona.

"Hodi, binti. Hapa ndipo kwa yule msichana wa samaki?"

"Ndipo, Mzee. Karibu."

"Naitwa Daud. Nimetoka Kanduyi, pale Bungoma. Shafi, yule muuza nyavu wa Kitale, ni shemeji yangu. Ameniambia unatafuta kambare. Ati samaki wako wamezaana mpaka hawana pa kupumulia."

Nilicheka, ingawa jambo lenyewe lilikuwa linaninyima usingizi. Nilisomea ufugaji wa samaki chuoni, nikahitimu, nikarudi nyumbani kukaa bila kazi. Baba mdogo Kigen ndiye aliyenihurumia. Alinipa kipande chake cha shamba kilicho chini, chenye majimaji, alichokuwa akipanda nduma, nami nikachimba bwawa. Sikutaka kuuza samaki sokoni. Nilitaka watu wa mjini waje Jumamosi, niwape fimbo na ndoano, wakae kwenye nyasi, wavue polepole na kuisahau wiki yao.

Niliagiza vifaranga vya tilapia, madume matupu, maana wakichanganyika na majike huzaana bila kipimo. Muuzaji aliniapia. Kumbe majike walikuwemo. Baada ya muda bwawa lilijaa samaki wa urefu wa kidole, wote wakigombea chakula kile kile, hakuna anayekua. Wageni wangu wa kwanza, vijana wa mtaa wa Tuwan pale Kitale, waliinua walichovua na kuangua kicheko.

"Dada, hii ni samaki ama ni chambo?"

Dawa niliijua: kambare wakubwa wa kuvila hivyo vitoto, ili tilapia waliobaki wapate nafasi ya kunenepa. Lakini kila niliyemuuliza alikuwa na kambare wadogo tu, ambao wangechukua mwaka kufika ukubwa wa kunisaidia.

Mzee Daud alifungua nyuma ya gari. Kulikuwa na pipa la buluu lenye maji nusu. Ndani walijipinda kambare kadhaa wa urefu wa mkono, na chini yao alilala mmoja mkubwa kama gogo, kichwa kipana, ndevu zikicheza.

"Huyu anaitwa Mama Ndevu," alisema. "Marehemu mke wangu, Hibo, ndiye aliyempa jina. Alikuwa akigonga kikombe cha bati kando ya maji, na huyu anakuja. Hata alipoumwa, hawezi kutembea, tulimbeba na kiti mpaka bwawani. Agonge kikombe chake."

Aliyagusa maji ya pipa kwa kidole.

"Sasa watoto wanajenga nyumba za kupangisha. Bwawa linafukiwa wiki hii. Siwalaumu. Na usinione mtakatifu, samaki nakula sana. Lakini huyu, binti, nilishika kisu nikashindwa."

"Nikulipe nini, Mzee?"

"Hakuna. Ila akinaswa na ndoano, mrudishe majini. Asiishie kwenye sufuria ya mtu. Unaweza?"

"Naweza. Nakuahidi."

"Alhamdulillahi," alisema, akanipa kikombe cha bati kilichobonyea.

Sijui kama nilimshukuru inavyostahili. Nilimpa chai, akanywa akiwa amesimama, akitazama maji. Alipoondoka hakugeuka nyuma.

Kufikia mavuno ya mahindi, bwawa lilikuwa limebadilika. Vitoto vilipungua, na tilapia waliobaki walijaa kiganja. Niliweka sheria: mgeni aende na tilapia wake, kambare anarudi majini. Nilibana kwa koleo vimeno vya ndoano zote ili visichane mdomo wa samaki. Watu waliongezeka mpaka wengine wakarudi mjini kwa kukosa pa kukaa. Kila jioni niligonga kikombe, na ndevu zikajitokeza juu ya maji. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua nimwambie nani.

Lakini bwawa moja halikutosha kunilisha. Nikishindwa, ningelazimika kwenda Nairobi kuomba kazi yoyote. Nilipomweleza Baba mdogo, alijibu kwa namna yake.

"Siku nitakayovua humo samaki mmoja wa kujaza sufuria ya mama yako, nitakupa na kile kipande cha juu. Nikikosa, napanda nduma zangu."

Niliamini tilapia wakipewa msimu mmoja zaidi wangefika ukubwa huo. Nikapigilia vigingi kipande cha juu, kuonyesha mahali bwawa la pili litakapokaa. Baba mdogo hakungoja msimu. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, bado na koti lake, akakaa kwenye kigoda changu na kudai fimbo.

"Baba mdogo, kambare tunarudisha," nilimkumbusha.

"Wewe nipe minyoo."

Alivua tilapia wawili, akawatupia jicho na kutia mnyoo mwingine. Kisha fimbo ikajikunja. Alisimama, kigoda kikaanguka, akapiga kelele kama mtoto. Sikuwahi kumwona hivyo. Alivutana na samaki mpaka kofia ikamtoka, na hatimaye kichwa kipana kikapanda kwenye nyasi.

"Jepkosgei! Lete hiyo sufuria! Kata kile kipande cha juu uonavyo, ni chako!"

Nilipiga magoti kando ya samaki. Ndevu zilikuwa zinatetemeka.

"Siwezi, Baba mdogo. Huyu ni Mama Ndevu. Nilimwahidi yule mzee wa Kanduyi aliyemleta."

"Samaki ana jina? Mimi nina ng'ombe hawana majina!"

"Ndiye aliyeliokoa bwawa."

"Huyo mzee wa Kanduyi yuko hapa?"

"Hayupo."

"Basi nani atamwambia?"

"Hakuna."

Alinitazama, akipumua kwa nguvu. Furaha ilikuwa inamtoka usoni, na hilo liliniuma kuliko hasira yake.

"Samaki wa kujaza sufuria nimemvua. Nikienda naye, kipande ni chako leo hii. Ukimwachia, nduma zinapandwa kesho. Usije ukalia."

"Sawa, Baba mdogo."

Nilitaka kumwambia kwamba bila yeye nisingekuwa na hata tope la kusimamia, na kwamba namshukuru. Badala yake nikavua viatu, nikaingia majini na gauni langu la kanisani, Mama Ndevu nikiwa nimempakata. Ndoano ilitoka bila kuchana. Nilimshika chini ya tumbo, kichwa chake ndani ya maji, mpaka nikahisi amepata nguvu.

"Asante," nilisema. Sijui nilikuwa namwambia samaki, au Mzee Daud, au mama aliyebebwa kwa kiti kwenda kugonga kikombe.

Nyuma yangu, huko juu, nilisikia Baba mdogo akiguna, akivuta kigingi cha kwanza kutoka ardhini.

Nikafungua mikono.