Barua ya Kikosi Kizima

Fundi cherehani hakuwa mtu wa maneno mengi. Mdomoni mwake pini zilikaa zaidi kuliko salamu. Lakini akishika kalamu kumwandikia mumewe aliyekuwa vitani, loo, utadhani bomba limepasuka! Yote aliyoshindwa kumwambia mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, aliyamwaga kwenye karatasi, kisha bahasha akailamba hadi gundi ikaomba msamaha.

Basi asubuhi moja askari mmoja akainama mlangoni, maana mlango haukumtosha. Mkono mmoja umefungwa bendeji, mwingine umeshika barua.

"Hodi! Wenzangu huniita Twiga. Nimepewa likizo ya jeraha, nikaagizwa nisipite bila kumwona shemeji."

Mama mkwe akamfutia kiti kwa upindo wa gauni lake. Chai ikaja.

"Kifungo mzima kabisa," Twiga akasema. "Anakula, anakoroma."

Fundi akaacha kukanyaga cherehani. "Nani?"

"Mumeo! Si ndivyo unavyomwita? 'Kifungo changu, bila wewe nabaki wazi.' Siku ile tulicheka mpaka sajini akaja kuuliza kama adui amekimbia!"

Mama mkwe akajipiga kofi la paja. "Wazi! Mkwe wangu, kumbe una mambo!"

Fundi akahisi masikio yanawaka moto. Jina hilo lilizaliwa chumbani, taa imezimwa, wala halijawahi kuvuka kizingiti. Siri ya mtungi aijuaye kata, sawa. Kumbe kata yenyewe ilipitishwa mkono kwa mkono kikosi kizima.

"Alikuambia wewe?"

"Si mimi tu. Kule barua ikifika inasomwa kwa sauti, tumeketi duara. Wengine hawana wa kuwaandikia, shemeji. Yako ni yetu sote. Na Kifungo anajua kusoma huyo! Anaigiza mpaka sauti yako."

Kisha Twiga akaweka kikombe chini, uso ukamlainika.

"Ila ile ya mimba kutoka, hakuna aliyecheka. Pole sana, shemeji. Sote tulikuombea."

Mama mkwe akageuka polepole.

"Mimba gani?"

Twiga akatazama huyu, akatazama yule. Alikuwa ameshamwaga mtama kwenye kuku wengi, na hata mrefu kama yeye hana pa kujificha.

"Uliniambia una homa," mama mkwe akasema. "Nikakukorogea uji, nikakukanda miguu. Homa."

"Mama, nilitaka kukuambia mwenyewe nikipata nguvu. Nilimwandikia asimwambie mtu."

"Na mwanangu mimi ananiandikia 'nakusalimu mama, ni mzima,' basi. Mjukuu wangu kaombolezwa na wanaume nisiowajua hata sura!"

Akainuka, akaingia chumbani mwake, akausukuma mlango taratibu. Laiti angeubamiza.

Fundi akafungua barua aliyoletewa. Maneno matamu, kama kawaida yake. Mwishoni mumewe aliandika: "Niandikie ndefu, mke wangu. Mimi ndiye kisima chako, usinifiche kitu."

Akaisoma mara ya pili, safari hii akisikia duara zima likicheka nyuma yake.

"Nisubiri jibu?" Twiga akauliza, macho sakafuni.

"Subiri."

Akaandika amesimama, karatasi juu ya meza ya cherehani, hata chai haijapoa. Hakutafuta bahasha. Akamkabidhi ikiwa wazi.

"Soma."

"Ah, shemeji, hii ni ya mumeo."

"Leo ndio unaona haya? Soma kwa sauti, kama mnavyofanya."

Twiga akakohoa, akasoma: "Kwenu ndugu askari wote. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha kiasi. Kazi zinaendelea. Wasalaam."

Akaigeuza karatasi. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Na ya Kifungo iko wapi?"

"Ndiyo hiyo. Aketi kwenye duara, asikilize na wenzake."