Majina Sabini na Moja

Jumanne ile, saa tatu kasorobo asubuhi, Twaha aliita Gitega kwa redio kutoka Muyinga na akasahau kanuni ya kwanza: alimtaja Azmina kwa jina. Mawimbi yale aliweza kuyasikiliza yeyote mwenye redio, jeshi na wale waliopigana na jeshi, kwa hiyo watu wa shirika hawakutaja majina wala saa wala idadi ya malori. Watoto waliitwa magunia. Twaha alisema magunia mia moja na kumi na saba yako uani, yameshakunywa uji, lakini orodha imetoka na arobaini na sita tu.

Azmina alimwuliza kama karatasi imekwama kwenye mashine. Haikukwama. Alikuwa ameichapa mara tatu.

Ulikuwa mwaka 2003. Shirika lao dogo lilikuwa na kazi moja, kuwarudisha kwa jamaa zao watoto waliopotezana nao katika miaka kumi ya vita. Wengi walikuwa wamevukia Tanzania na kukulia kwenye kambi za Ngara, mikononi mwa watu waliowaokota njiani. Sasa walirudi kupitia mpaka wa Kobero, wakalala Muyinga siku mbili tatu, kisha malori yakawaleta Gitega. Kompyuta ndiyo iliyolinganisha kadi za watoto na kadi za wazazi, halafu ikatoa orodha yenye jina la mtoto, jamaa yake, kilima cha nyumbani kwao na lori la kupanda. Programu hiyo iliandikwa kwa lugha ya Lisp na Mbelgiji mmoja aliyeondoka Burundi siku mabomu yalipoanza kuanguka kwenye vilima vya jirani. Alikuwa amemfundisha Azmina kwa wiki mbili, akamwachia diskete na kumtakia heri.

Azmina alikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yake, Bahadurali, aliuza vyakula na vyombo katika mtaa wa Waswahili, naye ndiye aliyempeleka Dar es Salaam kusoma kompyuta akitumaini atarudi dukani. Alirudi, ila si dukani.

Alipoendesha programu kwenye mashine yake ya Gitega, nayo ikampa arobaini na sita. Akaendesha tena. Wale wale.

Raissa, mkubwa wa ofisi, alikuja kusimama nyuma yake. Alisema kwamba luteni anayeongoza msafara hakubali kumpandisha mtu asiye kwenye karatasi, kwa sababu vizuizi vya njia ya Karuzi vinahesabu vichwa na kuvilinganisha na majina. Msafara ungeondoka saa tano, wakiwa tayari au hawako tayari, maana barabara ingefungwa saa kumi. Na mkuu wa kambi ya Muyinga alikuwa amesikia milio ya risasi kwa siku mbili mfululizo, upande wa msitu. Hakutaka watoto walale pale usiku mwingine.

"Ni kazi ya yule Mbelgiji," Raissa alisema. "Ametuachia kitu kibovu."

Azmina alizidi kuinamia kioo. Wiki iliyopita yeye mwenyewe alikuwa ameongeza mstari mmoja, kwa kuwa luteni alitaka majina yafuate alfabeti. Lakini msafara wa wiki iliyopita ulitoka vizuri, watoto themanini na nne, hakuna aliyekosekana. Mstari huo hauwezi kuwa na kosa, alijiambia, na akaendelea kutafuta kwingine, kwenye kurasa za Mbelgiji, kati ya mabano yaliyofungana juu ya mabano mpaka macho yakamwuma.

Nje, kwenye baraza, alikaa mwanamke aitwaye Zuena. Alikuwa ametoka Giheta alfajiri kwa basi dogo. Binti yake Amisa alipotea akiwa na miaka minne, siku walipokimbia sokoni, na sasa alikuwa na kumi na mmoja. Barua ya shirika ilisema amepatikana na atafika leo. Zuena alikuwa ameleta kanga mpya, bado iko kwenye karatasi. Azmina alitazama orodha ya arobaini na sita. Amisa hakuwemo.

Saa tatu na nusu Azmina akafungua chumba cha maongezi cha watu wa Lisp kwenye mtandao. Ofisi ilikuwa na dishi la setilaiti juu ya paa, na mara kadhaa jioni Azmina alikuwa ameingia humo kusoma tu, bila kusema neno. Walikuwepo kama watu mia moja kutoka kila pembe ya dunia, kila mmoja na jina la kubuni, wakiandikiana kwa Kiingereza. Yeye aliitwa Pilipili.

Aliandika kwamba ana orodha ya vitu mia moja na kumi na saba, na baada ya programu kupita, vinabaki arobaini na sita. Anaomba msaada, ana haraka.

Wa kwanza kujibu alimwambia asome kitabu kwanza. Wa pili aliuliza kama hiyo ni kazi ya shule. Wa tatu, aliyejiita Orvokki, alimwomba abandike programu yenyewe na orodha yenyewe, waone.

Mkono wa Azmina ulisimama juu ya kibodi. Orodha ilikuwa na majina ya watoto, vilima vya jamaa zao, na malori ambayo yangeondoka saa moja na nusu baadaye. Hakujua Orvokki ni nani. Hakujua ni nani kati ya wale mia moja anayekaa Nairobi, au Bujumbura, au mahali palipo karibu zaidi. Wiki mbili kabla, gari la shirika lingine lilikuwa limesubiriwa barabarani na watu waliojua vizuri saa yake.

Akaandika kwamba orodha hawezi kuitoa.

Yule wa kwanza akacheka kwa maandishi: mtu anaomba daktari, kisha hataki kuvua shati. Orvokki hakucheka. Alimwandikia kwamba haidhuru, atengeneze orodha nyingine ndogo, ya vitu vyovyote, na aone kama nayo inapungua. Ikipungua, abandike hiyo.

Azmina akafikiria rafu za duka la baba yake. Akaandika vitu vitano kama vilivyomjia: sukari, chumvi, mchele, iliki, majani ya chai. Akavipitisha kwenye programu.

Kilitoka kimoja. Sukari.

Hapo hapo umeme ukakatika. Feni ilizimika, taa ikazimika, na lile sanduku la betri chini ya meza likaanza kulia. Betri ile ilibeba kompyuta na dishi kwa dakika kumi, ikiwa na bahati dakika kumi na mbili. Raissa alitoka mbio kumwambia mlinzi awashe jenereta, akarudi na habari kwamba mafuta yalichukuliwa jana kwa ajili ya gari.

Azmina alibandika vile vitano, na kile kimoja kilichotoka, na ule mstari wake wa alfabeti pamoja na mistari mitatu ya Mbelgiji. Halafu akangoja. Kwenye kioo watu wengine walikuwa wakibishana kuhusu jambo la mbali kabisa, na maneno yao yalikuwa yanayasukuma maneno yake juu, juu, mpaka yakakaribia kutoweka.

Orvokki akaandika: "Mstari wa kupanga ni wako?"

"Wangu," aliandika Azmina.

"Unapopanga hivi, Lisp haikutengenezei nakala. Inaifumua orodha ile ile na kuishona upya, kisha inakupa mwanzo mpya. Wewe huo mwanzo hukuupokea. Bado umeshika kitu kilichokuwa cha kwanza zamani, na sasa kiko mwisho. Sukari. Vilivyo mbele yake huvioni tena."

Azmina alisoma mara mbili, kisha akaichukua karatasi ya majina arobaini na sita. Ilianza na Nestor. Ilimalizika na Zaituni. Kadi ya kwanza iliyoandikishwa Muyinga wiki ile ilikuwa ya Nestor, na kila mtoto ambaye jina lake lilitangulia la Nestor katika alfabeti alikuwa ameachwa: wale wa A, wa B, wa H, wa M. Wiki iliyopita kadi ya kwanza ilikuwa ya Abdoul, na mbele yake hapakuwa na mtu wa kupotea. Ndiyo sababu hakushtuka.

Aliuliza afanye nini. Orvokki akamwonyesha: aliweke jibu mahali pake, kwa jina lile lile. Neno moja, jina moja, na mabano mawili, la mwanzoni na la mwishoni. Azmina aliandika asante, na Orvokki alikuwa anaanza kumwuliza iliki ni kitu gani wakati kioo kilipozimika.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Kompyuta ya Gitega ilikuwa imekufa, lakini ile ya Muyinga ilikuwa na jenereta yake na programu ile ile, na redio ilitumia betri ya gari. Azmina alishika kipaza sauti. Raissa alikuwa amesimama pale pale.

"Twaha, mi ndiye nilifanya kosa," alisema, akijua Raissa anasikia. "Si yule mzungu. Ni mstari niliongeza mwenyewe. Sasa fungua programu, shuka mpaka mstari wa tisini na mbili."

Twaha hakuwa mtu wa kompyuta. Alizaliwa Kigoma kwa wazazi waliokimbia vita vya kale, akarudi Burundi mtu mzima, na alijua kuandikisha watoto na kuwatuliza. Programu hakuwahi kuigusa. Alisema mstari ameuona. Azmina alimwambia aweke kidole mwanzo kabisa, kabla ya kila kitu.

"Fungua bano," alisema.

"Nimefungua."

"Andika herufi hizi. S. E. T. Q. Ruka nafasi moja. Watoto."

Redio ilikwaruza. Akarudia. Twaha naye akarudia herufi moja moja, kwa sauti kubwa, kama anayemsomea kiziwi.

"Ruka nafasi. Sasa nenda mwisho wa mstari. Funga bano."

Redio ilikwaruza tena. Ikapita nusu dakika, na sauti iliyofuata haikuwa ya Twaha. Ilikuwa ya luteni.

"Hii ni kode gani munasema hapa?" aliuliza. "Fungua, funga, herufi, namba tisini na mbili. Munampasha nani?"

Azmina alisogeza kipaza sauti karibu na mdomo. Aliweza kumfikiria Twaha, mrefu, mwenye lafudhi ya Tanzania, amesimama kando ya mashine na askari wawili nyuma yake. Watu walikuwa wamekamatwa kwa maneno machache kuliko hayo. Raissa alinyoosha mkono akichukue, Azmina akatikisa kichwa.

"Luteni, hii ni lugha ya kompyuta," alisema. "Naomba uangalie mwenyewe. Twaha atafunga hilo bano mbele yako, halafu mashine itachapa. Kama karatasi itatoka na magunia yaleyale arobaini na sita, fanya unavyotaka. Kama itatoka na yote, utajua nilikuwa nasema nini."

"Na we ni nani?"

Kanuni ilimkataza. "Azmina, binti ya Bahadurali wa Gitega," alisema. "Utanikuta hapa."

Azmina aliongeza sauti ya redio. Raissa alikaa juu ya kona ya meza, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Zuena alikuwa ametoka barazani na kusimama mlangoni, kanga yake mkononi. Hakuelewa chochote kuhusu mabano, ila aliona nyuso zao.

Kisha wakasikia, kwa mbali, nyuma ya mkwaruzo, mashine ya kuchapa ya Muyinga ikianza kusaga karatasi. Ilisaga ukurasa mmoja, ikapumzika, ikasaga wa pili, halafu wa tatu. Aliyerudi redioni ni Twaha.

"Yapo yote," alisema. "Luteni anayahesabu mwenyewe. Yapo yote."

Malori yaliondoka Muyinga saa tano na robo. Luteni aliwangoja robo saa, na hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini.

Baada ya hapo palikuwa na saa ambazo hapakuwa na la kufanya. Redio ya msafara haikutakiwa kuongea njiani. Saa saba mlinzi alisema amesikia mlipuko upande wa kaskazini. Saa nane akasema labda ilikuwa radi, na kweli mvua ikanyesha. Raissa alimwambia Azmina kwamba Jumatatu wataandika ripoti na kosa litaandikwa lilivyokuwa, kwa jina lake. Azmina alikubali. Kisha Raissa akamletea chai na kusema mwingine angenyamaza, na yeye Raissa asingejua kamwe.

Saa kumi kasoro dakika chache malori matano yaliingia uani, matope mpaka kwenye madirisha. Lori la nne lilikuwa na matundu mawili ya risasi kwenye ubavu wa nyuma, juu, mahali ambapo kichwa cha mtu yeyote hakikufika. Twaha alishuka, akaegemea tairi, akatapika. Watoto mia moja na kumi na sita walishuka baada yake. Wa mia na kumi na saba alikuwa amepata homa na kubaki Muyinga kwa masista, jina lake limekatwa kwenye karatasi.

Waliitwa kwa karatasi. Amisa alikuwa wa tatu. Alikuwa msichana mwembamba mwenye viatu vya plastiki, na alipoambiwa yule pale ni mama yako, alimtazama Zuena kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

Zuena hakumkimbilia. Alikwenda polepole, akafungua kanga, akamfunika mabegani kwa kuwa alikuwa amelowa. Akamwuliza kwa Kirundi kama ana njaa. Msichana hakuelewa vizuri. Kambini alizoea Kiswahili. Zuena akabadili lugha.

"Iko chakula nyumbani," alisema. "Giheta si mbali."

Amisa alifikiri kidogo. Kisha akauliza kama wanaweza kukaa mbele ya basi, kwa sababu kwenye lori alikuwa nyuma na hakuona njia. Zuena alisema wanaweza. Wakatoka getini, msichana akitangulia hatua mbili, mama akifuata na ile karatasi tupu ya kanga mkononi, na Azmina akaweka alama ya kalamu kwenye jina la tatu.