Bahasha ya Mpenda Maendeleo wa Tatu

Jumanne ile Bi Mwanarusi alifika ofisi ya tawi la Chama cha Mlango Wazi saa nane kasorobo, chetezo mkono mmoja, mfuko wa makaa mkono wa pili. Mlango wa mbele, unaotazama Makadara, ulikuwa umefungwa kwa kufuli tatu kama siku zote, na juu yake pana ubao wenye alama ya chama, yaani mlango ulio wazi. Akazunguka nyuma, akapita kwa fundi cherehani, akapanda ngazi na kugonga mara mbili. Nicanor, mweka hazina wa tawi, alimfungulia, akamwamkia kwa adabu, akamtolea tenga na bahasha za wiki.

Bi Mwanarusi ni mfukizaji. Mji wa Kale, alikoolewa kutoka Kwale zaidi ya miaka thelathini iliyopita, maharusi wengi wamevaa nguo zilizotandazwa juu ya tenga lake huku chetezo cha udi kikifuka chini. Kazi ya chama ilikuwa ile ile, ila badala ya nguo alitandaza noti.

Fedha za michango zilikuwa zimeanza kunuka mwaka uliotangulia. Kila noti ilikuja na harufu ya ilikotoka. Mchango wa mtu aliyeingiza sukari bila kulipa ushuru ulinuka magunia yaliyolowa maji ya chumvi. Mchango wa mwenye zabuni ya dawa ulinuka wodi isiyo na dawa. Mwingine ulinuka kichaka kilicho nyuma ya shule fulani, mahali ambapo kwa mujibu wa makaratasi pana vyoo kumi na viwili vya kisasa. Kamati ya tawi ililijadili jambo hilo chini ya Mengineyo, baada ya suala la kiyoyozi na kabla ya chai. Sheria inataka chama kimtaje kila anayekichangia, lakini kuhusu harufu haisemi kitu, na wanakamati walishusha pumzi. Mmoja aliuliza kama fedha hizo zirudishwe. Walicheka mpaka wakajifuta machozi, kisha wakapitisha kwamba zifukizwe.

Daftarini wachangiaji wote walikuwa na majina mazuri. Palikuwa na Msamaria, Rafiki wa Tawi, Mzalendo Asiyependa Sifa, na Wapenda Maendeleo kumi na saba waliotofautishwa kwa namba. Nicanor aliwaandika kwa hati safi na wino wa buluu.

Siku hiyo bahasha tatu za mwanzo hazikuwa na shida. Ya nne ilimfanya Bi Mwanarusi aweke koleo chini. Ilinuka simiti mbichi, jasho la asubuhi, na mafuta ya nazi yaliyopikwa kwa mlangilangi na punje saba za karafuu. Mafuta hayo aliyapika yeye mwenyewe, na punje alizihesabu yeye mwenyewe.

"Ni Chirau," alisema.

Nicanor akasogea, akavuta pumzi. Alimfahamu Chirau, kwa kuwa alikuwa akija kumchukua mamake jioni na kumbebea chetezo.

"Ndiye," alikubali. "Pole, mama."

Chirau alikuwa mwanawe wa pekee, kibarua wa ujenzi. Alhamisi moja, miezi kumi na moja nyuma, Bi Mwanarusi alimpaka mafuta kichwani kwa sababu ya mafua, naye akaenda kazini mtaa wa Tudor. Kabla ya saa nne asubuhi ghorofa saba zilimwangukia yeye na wenzake wanne. Bango la mradi liling'olewa kabla maiti hawajatolewa, kazi iliyofanywa kwa kasi ya kupigiwa mfano. Mwenye jengo hakuonekana. Kiwanja kilikuwa na jina la kampuni, kampuni ilikuwa na sanduku la posta, na sanduku la posta lilikuwa na kutu. Kituo cha polisi walimwambia Bi Mwanarusi kwamba kesi yake ni nyepesi sana, aje tu na jina la mwenye jengo. Basi kila Alhamisi alikwenda kuwaambia kwamba hajalipata, nao kila Alhamisi walimsihi asikate tamaa. Mtu mwenye moyo mwepesi angeshatukana, lakini yeye aliwaaga kwa heri na kurudi nyumbani.

"Bahasha hii ni ya nani?" aliuliza.

"Ya Mpenda Maendeleo."

"Wapenda Maendeleo munao kumi na saba."

"Wa tatu."

"Yuwaitwaje kwa mamake?"

Nicanor alitazama upande wa mlango wenye kufuli tatu.

"Nna haja na jina tu, mwanangu," Bi Mwanarusi alisema. "Pesa zake sizitaki."

"Bi Mwanarusi, nikikutajia leo, Jumanne ijayo utakuja kunifukiza mimi."

Alisema kweli, na wote wawili walijua kwamba alisema kweli. Bi Mwanarusi alifukiza bahasha zilizobaki, kwa maana kazi ni kazi na alikuwa ameshalipwa. Ile ya nne aliisukuma pembeni.

"Hii siifukizi," alisema, akabeba chetezo chake na kuondoka.

Nicanor alijaribu mwenyewe. Alizipulizia noti marashi ya dukani. Aliziweka siku nzima karibu na karai la muuza viazi, mlangoni kwa fundi cherehani. Zilirudi zikinuka Chirau aliyetoka kula viazi karai, chakula alichokipenda mno.

Alhamisi akaja mkaguzi. Aliitwa Emmah, mtu wa bara, makini, aliyekagua vyama vingi na mwenye pua iliyozoea. Alimkuta Bi Mwanarusi amekaa kitini tangu asubuhi akimngoja, polisi siku hiyo wamemkosa. Emmah alipitia daftari ukurasa baada ya ukurasa, akasifu hati, kisha akaifungua ile bahasha ya nne na kufumba macho.

"Simiti," alisema. "Haijakauka. Na kijana. Ana mafua kidogo."

"Ni mwanangu," alisema Bi Mwanarusi. "Aliyezileta pesa hizi ndiye mwenye jengo lililomuua. Humo daftarini jina lake halimo. Muulize Nicanor, yeye yuwalijua."

Emmah hakumkatiza. Alipokwisha kusikiliza alitandaza fomu mezani, yenye safu ya tarehe, safu ya kiasi na safu ya jina, akamgeukia Nicanor.

"Jina la mchangiaji?"

"Mpenda Maendeleo wa Tatu."

"Wa Tatu ndilo jina la ukoo?"

Nicanor alifikiri. "Ndilo."

Emmah aliandika Mpenda kwenye jina la kwanza, Maendeleo kwenye jina la kati, na Wa Tatu kwenye jina la ukoo. Safu zote zilijaa, na ukaguzi hauhitaji zaidi ya hapo.

"Na harufu utaiandika wapi?" aliuliza Bi Mwanarusi.

"Hakuna safu ya harufu, mama. Mwaka juzi nilipendekeza iwepo. Waliniandikia barua ya shukrani."

Akapiga mhuri. Alipokuwa akiaga alimshika Bi Mwanarusi mkono kwa muda mrefu, na huruma yake ilikuwa ya kweli kabisa, wala haikusaidia kitu. Taarifa yake ilisema kwamba tawi hilo ni la kuigwa katika uwazi.

Kwa kuwa sasa zilikuwa fedha halali, kamati ilizitumia siku ile ile. Zilinunua fulana elfu mbili za maandamano ya Jumamosi, nyeupe, zenye mlango wa kijani mgongoni. Zilitoka kwa mchapishaji zikinuka Chirau. Vijana waliozivaa hawakulalamika, kwani fulana ya bure hainuswi, na wawili watatu waliuliza mafuta hayo ya nywele yanauzwa wapi.

Bi Mwanarusi alikuwa ameapa kwamba chama kikipita mtaani kwake ataufunga mlango na madirisha. Alisikia ngoma zikitoka upande wa Makadara, akainuka, akafunga dirisha la kwanza. Hapo harufu ikaingia. Iliingia kwa mlango, kama alivyokuwa akiingia mwenyewe jioni, simiti mbele na mafuta nyuma. Tangu mazishi hakuwahi kuisikia nyumbani mle, na kwa miezi kumi na moja alikuwa akiogopa kwamba ameisahau.

Alivaa buibui lake, akatoka. Akatembea katikati ya watu elfu mbili walionuka mwanawe, kichochoro hadi kichochoro, akatoka nao Mji wa Kale, akaenda nao kwa miguu mpaka Tudor, viatu mkononi. Alilia njia nzima. Kijana mmoja aliyedhani ni machozi ya furaha alimvisha fulana juu ya buibui, naye akaushika ukosi akaufunika puani. Mpiga picha wa chama alikuwa karibu. Picha ile sasa imetundikwa ofisini, na chini yake pameandikwa kwamba hata akina mama waliofiwa wana imani na chama.

Ile fulana hakuifua. Aliikunja, akaitia sandukuni. Siku ya tatu alipoikunjua ilinuka sanduku.

Jumanne iliyofuata saa nane kasorobo alipita kwa fundi cherehani, akapanda ngazi, akagonga mara mbili. Nicanor alidhani amefuata kazi, kumbe amefuata harufu. Alimtolea tenga, akaiweka mbele yake bahasha mpya ya Mpenda Maendeleo wa Tatu, ambaye Tudor kwenye kiwanja kile kile alikuwa ameshamwaga msingi mwingine, na safari hii ghorofa zitakuwa tisa.

Bi Mwanarusi aliinusa polepole, kona zote nne. Simiti ilikuwa ile ile. Jasho lilikuwa jipya, na mafuta ya nywele yalikuwa ya mama mwingine, aliyependa karafuu kidogo na asumini nyingi.

"Huyu bado yu hai," alisema.

Nicanor alisema hizo ni habari njema, akamwomba aharakishe kidogo, benki hufunga mapema. Bi Mwanarusi akapuliza makaa.