Mshauri wa Mangi

Wazee wa Meru walipokuwa bado wanatafuta mjumbe wa kwenda ng'ambo kudai ardhi iliyochukuliwa na serikali ya Waingereza, Sadoki wa kijiji cha Akheri alikuwa amekwisha kushonesha suti mjini. Nani mwingine angeenda? Kiingereza chake kilisifiwa hata na wamisionari. Lakini wazee wakamchagua Elinami, aliyesoma naye dawati moja, mtu mpole asiye na makuu.

Sadoki alimpa mkono wa heri huku moyo ukimuungua kama aliyemeza kaa la moto.

Elinami akarudi bila ardhi. Sadoki alifurahi, akajionea aibu, kisha akafurahi tena. Furaha yenyewe haikudumu, kwani Mangi, mtawala wa Wameru, alimfanya Elinami mshauri wake mkuu. Hata Marta, mke wa Sadoki, alirudi kutoka kanisani akisema, "Yule baba hana majivuno kabisa."

"Mimi ndiye niliye nayo?" Sadoki akafoka.

Marta akaanza kumenya ndizi.

Siku ya baraza, Sadoki akasimama mbele ya watu wote. "Mshauri, tulikutuma mbali kwa jasho letu. Umetuletea nini?"

"Sikuleta kitu," Elinami akajibu. "Walinisikiliza, kisha wakakataa. Nililia njiani."

Bibi Kaanaeli, ambaye nyumba yake ilichomwa siku watu walipohamishwa kwenye ardhi ile, akainuka taratibu, akamshika Elinami mkono. Sadoki akaketi. Swali alilolitia sumu lilikuwa limemjengea mwenzake heshima.

Haukupita muda mrefu, Mangi akamwita Sadoki. Wameru na Waarusha walikuwa wakigombea maji ya mto, na alihitajika mjumbe wa kuzungumza na Meitamei, mzee wa Waarusha.

"Utakwenda wewe," Mangi alisema. "Elinami ndiye aliyekutaja. Anasema huogopi kuuliza."

Sadoki akaenda. Alinywa maziwa yao, akameza matusi bila kuyarudisha, akabembeleza, akang'ang'ania, mpaka Meitamei akakubali maji yagawanywe kwa zamu. Ilikuwa kazi nzuri, naye alijua.

Mangi alipopata habari, alimgeukia kwanza Elinami. "Ulichagua vema," akamwambia.

Elinami akamfuata Sadoki nje. "Hongera, ndugu yangu. Mimi nisingeweza."

"Asante, Mshauri."

Sadoki akashika njia ya Akheri. Njiani akapekua kumbukumbu zake zote za Elinami tangu utoto wao, akitafuta kosa moja tu. Hakuliona. Laiti Elinami angalikuwa amemkosea, angalau angaliweza kumsamehe.