Haja Ndogo Chini ya Maji

Harufu ya kile kibanda ilikuwepo kabla Pezi hajaajiriwa. Ukifungua mlango asubuhi ilikupokea kabla ya mtu yeyote: mkojo uliochacha, mpira, na jasho la wanaume. Humo ndimo zilimotundikwa suti tatu nyeusi za kupigia mbizi, zikitumiwa kwa zamu na wapiga mbizi watano wa bwawa la umeme. Mtu alivua suti ikiwa bado mbichi, akamrushia mwenzake, naye akajitia ndani. Hakuna aliyeuliza lile joto lililobaki humo lilitoka wapi.

Kazi yao ilikuwa kushuka hadi kwenye vyuma vya kuchujia, pale mabomba yanapomeza maji kuyapeleka kwenye mitambo, na kung'oa magugu, matawi na mifuko ya plastiki. Chini kule ni baridi, na baridi huamsha kibofu. Hata aliyetoka chooni sasa hivi, akifika chini hubanwa kana kwamba amelala na mkojo.

Pezi alikuwa mwanamke pekee kati yao. Jina hilo alipewa na msimamizi siku ya majaribio, alipowaacha wanaume nyuma wakihema. Msimamizi mwenyewe walizoea kumwita Nanga, kwa kuwa akishakaa kwenye boti, boti haina habari ya kwenda popote. Alimpenda Pezi kama bintiye, na alimtania kama alivyowatania wengine.

Mambo yaliharibika siku Msumari, mwembamba wa kikosi, alipotokwa na vipele mapajani na mgongoni. Alisimama katikati ya kibanda akijikuna bila haya.

"Nani anakojoa ndani ya suti?" Nanga aliuliza. "Ajitaje!"



"Sisi wanaume tunajua kujibana," Msumari alisema. "Sasa sijui wenzetu..."

Hakumalizia, na hapakuwa na haja. Macho yote yalimgeukia Pezi. Mmoja akaangua kicheko, wengine wakamfuata, na Pezi naye akacheka, maana angenuna wangesema ameguswa penyewe.

"Basi binti," Nanga aliongeza akifuta machozi ya kicheko, "ukibanwa vuta kamba mara mbili, tutakupandisha uende chooni."

Ukweli ni kwamba alishawahi kujikojolea humo, zaidi ya mara moja, mwili ulipomshinda. Kila mara alibaki nyuma akaisuuza ile suti kwenye bomba la nje, wenzake wakiwa wameshaondoka. Hakuwahi kumkuta mwingine akifanya hivyo. Lakini jioni ile njiani kuelekea nyumbani, aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyeitia kibanda kizima ile harufu.

Akaacha kunywa maji. Siku za kazi hakugusa hata chai mpaka amalize zamu. Mama yake, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni, ndiye aliyegundua. Alikuwa akitoa vitu kwenye begi la mwanawe aoshe, akakuta chupa ya maji imejaa.

"Mwanangu, haya maji unayatembeza? Yametoka asubuhi, yamerudi jioni, hayajapungua hata tone."

"Nilisahau, mama."

"Kusahau ni kazi ya kichwa. Kiu ni ya koo, na koo halisahau."

Pezi alijifanya anatafuta sabuni. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu mchana, na mkojo wake siku hizo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, lakini hilo hakumwambia mtu.

Kisha mvua kubwa ikanyesha huko mito inakotoka. Magugu yakashuka kwa mafungu, vyuma vikaziba, mitambo ikaanza kulegea. Wakubwa walipiga simu mfululizo, na Nanga akawapanga watu wake washuke mara mbili mbili. Pezi alishuka, akang'oa, akapanda, akapumzika kivulini na midomo imemkauka. Chupa ilipopita mkono kwa mkono aliipeleka mbele bila kuinywa. Akashuka tena. Kwenye kupanda alifuata kamba, akisimama kila palipotakiwa kusimama, kama alivyofundishwa. Hakukosea kitu.

Walipomvuta ndani ya boti alisema bega linamuuma. Nanga akadhani ni uchovu. Alikuwa anamsaidia kushusha mtungi mgongoni Pezi aliposema polepole:

"Bosi, miguu yangu iko wapi?"

Nanga alianza kucheka. Halafu akauona uso wake.

Walimlaza chali, wakamwekea oksijeni, boti ikageuzwa kuelekea ufukoni. Msumari alimsogezea chupa ya maji mdomoni. Pezi akatikisa kichwa.

"Bado nimevaa suti," alisema.

Hakuna aliyemwelewa.

Hospitali walimwingiza kwenye chumba cha chuma, mfano wa pipa kubwa, hewa ikakandamizwa humo kana kwamba amerudishwa chini ya maji ili apandishwe upya, taratibu. Miguu ilianza kurudi, wa kulia ukitangulia. Lakini usiku ule tumbo lilimjaa likawa gumu kama ngoma, na hata alipojitahidi vipi mkojo haukutoka. Mishipa inayofungua kibofu nayo ilikuwa imepigwa. Muuguzi alikuja na mpira wa mkojo, akafunga pazia. Pezi akaficha uso kwa kiganja.

"Mficha uchi hazai, dada," muuguzi alimwambia kwa upole. "Hapa tunatibu, hatuchungulii."

Asubuhi daktari alimuuliza mama kama mgonjwa alikuwa anakunywa maji vizuri, na mama akaeleza habari za ile chupa. 

"Siwezi kusema ni kiu peke yake," daktari alisema. "Amefanya kazi nzito, tena kwenye baridi. Lakini ukizama, gesi huingia kwenye damu. Ukipanda, hutaka kutoka. Damu iliyokaukiwa maji haipiti vizuri, na viputo vya gesi hupata pa kukwama. Kwake vilikwama kwenye uti wa mgongo."

Nanga alifika mchana, kofia mkononi. Alikaa kwenye kiti ambacho hakikumtosha.

"Kwa nini hukunywa maji, binti?"

"Niliogopa kukojoa."

Nanga akaigeuzageuza ile kofia. Kisha akasema, "Mimi nikishuka hukojoa humo. Tangu nianze kazi hii. Sote tunakojoa. Huyo Msumari ndiye kinara wetu."

Wakati mwingine lingekuwa jambo la kuvunja mbavu.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Niliona aibu."

"Uliona aibu wewe," Pezi alisema, "nikabebeshwa mimi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakumtukana. Alimwambia tu kwamba mgonjwa anataka kupumzika, akaushika mlango wazi mpaka yule bwana mnene akapita.

Mpira wa mkojo ulitolewa, ikashindikana, ukarudishwa. Mara ya pili mama alimshika mkono mpaka chooni, akafungulia bomba la sinki ili maji yachuruzike, kama alivyokuwa akimfanyia utotoni, kisha akatoka nje. Alisubiri mlangoni. Ndani kulikuwa kimya, bomba tu. Kisha akasikia, kidogo, kwa kukatika, halafu bila kukatika. Mama aliweka paji la uso ukutani akalia.

Mguu wa kushoto haukupona sawasawa. Daktari alimwambia asizame tena maishani, na Pezi hakubisha.

Kule bwawani Nanga aliwaita watu wake akayarudia mbele yao yale aliyoyasema hospitali. Akadai kwa wakubwa kila mtu apewe suti yake, akapewa. Wakaanza kuzigeuza ndani nje kila baada ya kazi, kuziloweka kwenye pipa la maji safi yenye sabuni, kuzisuuza na kuzianika kivulini. Mtu anywe maji yake, Nanga aliwaambia, akibanwa aachie, akipanda aoshe. Vipele vilikwisha.

Miezi ikapita ndipo Pezi alipokubali kurudi, kazi ya kushika kamba botini. Nanga alimkaribisha kwa heshima zote. Pezi aliitikia salamu, akafanya kazi yake. Kumsamehe hakumsamehe siku ile, wala mwaka ule. Nanga alipostaafu ndipo walipopeana mikono, na hata hapo hawakusema mengi.

Siku moja, akiwa amekaa ukingoni mwa boti anavaa miwani, Msumari alimuuliza kama huwa anapakumbuka chini.

"Napakumbuka," Pezi alisema. "Napakumbuka kila siku."

Pezi akamkagulia mtungi, akamfungia kamba kiunoni, na kumpiga kidogo begani ashuke.