Koti la Térence

Saa moja na nusu asubuhi Térence alitundika koti lake kwenye kiti cha biro, ofisi ya serikali, akalaza kalamu juu ya faili, akatoka kwa mlango wa nyuma na shati tu. Wengi walifanya hivyo miaka ile ya vita. Shefu, mkubwa wa biro, akipita, akiona koti, mtu yupo. Térence alipanda baiskeli hadi mtaa wa Buyenzi, kwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli alichojenga na rafiki yake Hamimu. Huko alipiga miluzi mpaka jioni.

Koti lilibaki kitini, na mwezi wa kumi likaanza kazi lenyewe. Lilipiga mihuri, likajibu barua. Halikuchelewa, halikuumwa.

"We Térence," Hamimu alimtania, "koti yako inapenda serikali kuliko we."

"Acha ibaki nayo. Kule mi nilikuwa nakaa tu. Hapa ndiyo nafanya kazi."

Mwezi wa pili, Térence akijaribu baiskeli ya mteja karibu na mto Ntahangwa, risasi ilimpata, akafa. Haikujulikana imetoka upande gani. Hamimu alifunga kibanda siku tatu.

Siku moja baada ya kifo Spéciose, mke wa marehemu, alikwenda biro. Térence alikuwa na koti moja tu, lile la harusi. Maziko yalikuwa saa tisa, na alitaka mumewe azikwe nalo.

"Térence yupo, mama," shefu alisema, akaonyesha kiti. Koti lilikuwa linapiga muhuri.

"Amekufa, shefu. Nimemuacha hospitali, amefunikwa shuka."

"Hapa hajakosa hata siku moja."

"Basi nipe koti tu."

"Apana. Ni saa za kazi. Aandike ombi la ruhusa, mwenyewe."

Spéciose alilishika kola. "Baba Carmen, twende nyumbani."

Koti lilisita. Mkono mmoja ulimgusa kwenye pete. Kisha likavuta faili lingine.

Walimzika na ovaroli yake ya kibandani. Hamimu alikuwa ameifua mara mbili, lakini harufu ya grisi ilibaki.

"Usione haya, shemeji," alisema. "Miluzi yote aliipiga na hii."

Mei Mosi, katika uwanja wa biro, koti lilipewa cheti cha mfanyakazi bora. Spéciose aliwekwa mstari wa mbele, kama mke. Makofi yalipoisha aliona kiwiko cha koti kimechanika. Akatoa sindano, akashona.

"Fanya haraka, mama," shefu alisema. "Kesho kuna kazi."

Alikata uzi kwa meno, akalirudisha kwenye kiti.