Njia ya Kwenda Folda ya Anouar

Sihem alimaliza kukausha vyombo vya asubuhi, akafungua kompyuta juu ya meza ya jikoni, akaamuru ile programu inayofungua na kufunga malango ya madimbwi ya chumvi iundwe upya. Mtafutaji akatoka kwenye kompyuta, akavua viatu, akaanza kupekua makabati.

Alikuwa bwana mfupi mwenye koti la buluu la kiwandani. Programu haiundwi na zana moja. Zana husaidiana, na kila moja huweka maagizo yake kwenye folda ili wenzake nao wayatumie. Kazi ya mtafutaji ni kuyakusanya maagizo hayo. Lakini hutafuta ndani ya nyumba alimosimikwa tu. Mwenzake akiwa ng'ambo ya barabara, na hakuna aliyemwandikia njia, kwake ni kama hajazaliwa.

"Pole pole na hiyo droo," alisema Bi Khadouja, mama mkwe wa Sihem, akimsogezea kahawa iliyotiwa maji ya maua ya mchungwa. "Uliivuruga jana, leo tena. Huna kwenu?"

"Ndiyo hapa kwetu, mama," alisema mtafutaji, akatoa maagizo nyuma ya mtungi wa zabibu.

Yalikuwa yaleyale ya kila siku, nakala ambayo Sihem aliitoa kwenye kompyuta ya mumewe, Anouar, wiki ile alipohamia Marseille, Ufaransa, kwa kazi. Watu wengine husimika zana zao zote pamoja, kwa amri moja, wakaenda zao kulala. Anouar alikuwa mtu wa mji huu wa Sfax, Tunisia, hasa. Kitu asichokiunda kwa mikono yake hakukiamini, hivyo zana ya pili ya programu hii aliiunda mwenyewe, akaisimika kwenye kompyuta yake, na kompyuta akaondoka nayo. Zana mbili zilizozoea kufanya kazi bega kwa bega zikabaki kila moja upande wake wa bahari.

Nakala ilitosha kwa muda. Kisha Anouar huko aliko akairekebisha zana yake, akairekebisha tena, na nakala ya jikoni ikabaki vilevile. Sasa programu haikuundika, na kusini mwa mji malango ya madimbwi ya chumvi yalikuwa yakifunguka yenyewe siku za mvua na kuharibu chumvi.

"Kitendawili," alisema Bi Khadouja, ambaye hakuweza kukaa na mgeni bila kumtegea.

"Tega," alisema mtafutaji.

"Ninaye mwanangu humu ndani. Hali, hazeeki, na nikimwita haitiki."

Mtafutaji alikunywa kahawa, akafikiri. "Picha."

"Umepata. Huyu si mjinga, Sihem. Mvivu tu. Akikuta cha zamani mlangoni, haendi mbele."

Sihem aliyachukua yale maagizo ya zamani, akayafuta. Kisha akaandika njia: Marseille, mtaa, ghorofa, mlango, folda ya Anouar. Mtafutaji akaisoma, akaanza kuvaa viatu.

"Unakwenda hivyo hivyo?" aliuliza Sihem.

"Hivyo vipi?"

"Bila viza."

"Nimeandikiwa njia," alisema mtafutaji.

Majira yale ya kuchipua, ofisi ya viza ilikuwa imemkatalia Sihem kwa mara nyingine, kwa kuwa haikuamini kwamba angerudi. Alikuwa amepeleka cheti cha ndoa, barua ya kazi na picha mpya zisizo na tabasamu, kama walivyotaka. Basi siku hiyo naye akajiandikia njia, chini ya ile ya mtafutaji, kwa herufi zilezile. Akavaa gauni la kijani, wakapanda treni hadi Tunis, na kutoka hapo wakafika bandari ya La Goulette.

Bi Khadouja alikuwa amemfungashia mtafutaji, ampelekee Anouar, sharmula ya Idi, ule mchuzi wa vitunguu na zabibu, na samaki wa chumvi.

"Mimi nabeba maagizo tu," alikuwa amemwambia.

"Unabeba maneno tupu miaka yote, chombo kimoja kitakuvunja mgongo?" Lakini chombo kilipita katikati ya mikono yake kikadondoka sakafuni, kwa hiyo Sihem ndiye aliyekibeba.

Kwenye lango la bandari askari alimtazama bwana mwenye koti la buluu. "Huyu nani?"

"Mtafutaji."

"Apite. Na wewe, dada?"

"Mke wa mtu. Njia yangu ni hii hapa."

Askari aliisoma yote, kwa adabu. "Imeandikwa vizuri. Viza iko wapi?"

Mtafutaji alikuwa ameshapanda meli. Sihem alimpa askari ile sharmula, maana ingeharibika, akarudi na treni ya jioni.

Mtafutaji aliporejea, alikuja na maagizo mapya. Programu iliundwa bila neno, na huko madimbwini malango yakatulia. Sihem alimwekea kiti.

"Umemwona?"

"Nilikwenda kwenye folda."

"Folda si iko chumbani mwake? Umemwona?"

"Alikuwa amekaa pembeni. Ana mvi upande wa kushoto. Anavaa miwani."

"Miwani!" alisema Bi Khadouja. "Baba yake alivaa akiwa na hamsini."

Anouar ambaye Sihem alikuwa akiongea naye usiku kichwani hakuwa na miwani. Siku nzima alijaribu kumvisha, ikawa inaanguka.

Tangu hapo mtafutaji alikwenda Marseille kila programu ilipoundwa, na Sihem aliiunda mara nyingi kuliko chumvi ilivyohitaji. Ofisi ya viza ilimkatalia tena kwa sababu ileile.

Halafu asubuhi moja mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye koti la mvua, mtafutaji wa Anouar. Yeye naye alikuwa ameandikiwa njia, ya kuja Sfax. Alivua viatu, akakataa kahawa, hakugusa droo hata moja. Akasimama mbele ya Sihem.

"Nimeambiwa nitafute hapa," alisema.

"Nini?"

"Hakuandika nini. Ameandika mahali tu."

Sihem aliweka kitambaa cha vyombo chini. Mwanamke akamtazama kuanzia nywele, akashuka taratibu, paji la uso, mikono, bila kuruka kitu.

"Mgeuze na mgongo," alisema Bi Khadouja. "Mwenyewe atataka amwone mzima."

Sihem akageuka. Alipogeuka tena mgeni alikuwa ameshavaa viatu, anashuka ngazi kwenda kituo cha treni, bandarini, langoni, apite.

Sihem alibaki amesimama palepale katikati ya jikoni, uso vilevile, nywele vilevile. Meli huchukua muda hadi Marseille, na hakutaka, kabla haijafika, awe ameshabadilika.